Mashine ya kupima papara ya samaki: nimekaa nayo miezi mitatu hapa Dodoma

Mbukwenyi! Habari zenu ndugu watazamaji, na wazee mnaonifuatilia, shikamooni. Karibuni tena.

Leo sichambui simu wala king'amuzi. Leo nimewaletea kitu ambacho wengi wenu hamtakaa mkinunue, ila najua mtapenda kukiona: mashine inayompima samaki umakini. Ndiyo, samaki. Cheka kwanza, halafu tuendelee.

Mimi kwa kazi ni fundi sanifu wa maabara, na hii mashine tuliazimwa. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu nitaisema vibaya kidogo na wenyewe hawapo hapa kujitetea. Zipo za kampuni kadhaa na nyingi zinafanana.

Dogo, sogeza kamera huku. Hapo hapo.

Mnaona ukubwa wake ni kama wa maikrowevu. Ndani kuna tanki la plastiki, linachomoka kama droo. Juu kuna kamera inayotazama chini, na chini ya tanki kuna skrini inayowasha taa. Ukuta huu una sehemu tano ambazo taa inaweza kutokea. Ukuta wa pili una kimrija chembamba, na hapo ndipo chakula kinapodondokea. Basi. Vingine vyote ni programu.

Na samaki mwenyewe ni huyu. Kitaalamu anaitwa Danio rerio, sisi tunamwita samaki-pundamilia kwa ajili ya hiyo mistari yake ya bluu. Kwao ni India, Bangladesh, Nepali huko. Ana sentimita 3 au 4 tu. Mbele ya perege wa Mtera huyu hata harufu ya mboga hatoi. Lakini jeni zake zilipochapishwa mwaka 2013, ilionekana kwamba takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina ndugu yake ndani ya huyu mdogo. Ndiyo maana watafiti wa matatizo ya umakini, yale ya mtoto asiyetulia darasani, wanamtafuta sana.

Sasa mchezo wenyewe. Fikiria bodaboda kwenye taa za barabarani. Wa kwanza anasubiri kijani, anaondoka. Huyo yuko sawa. Wa pili anaondoka taa ikiwa bado nyekundu. Wa tatu anachezea simu, kijani inawaka mpaka inazima, nyuma wanampigia honi. Mashine hii inafanya hesabu hiyo hiyo. Samaki anaanzisha raundi mwenyewe, anasubiri sekunde chache, kisha taa moja kati ya tano inawaka kwa muda mfupi. Akiifuata ndani ya muda, anapata chakula. Akienda kwenye taa isiyowaka, ni kosa. Akienda kabla taa yoyote haijawaka, amewahi. Asipokwenda kabisa, imempita.

Hapo kwenye kuwahi ndipo penye papara. Kiswahili hapa kimenifurahisha, maana vitabu vya kazi hii vina neno moja tu refu la kitaalamu, sisi tuna papara, pupa, kiherehere, na kila mmoja anajua mtoto gani ana kipi.

Jaribio si geni. Lilianzia kwa watu, likapelekwa kwa panya pale Cambridge, Uingereza, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1983. Kwa samaki, kikundi cha Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, kilichapisha mwaka 2013 namna ya kuliendesha kwa mashine. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba atomoxetine, dawa wanayopewa watu wenye tatizo la umakini, inapunguza kule kuwahi kwa samaki. Kwa hiyo kinachopimwa humu kina maana, si mchezo wa akwaria.

Lakini kwa nini mashine? Kwa nini nisikae na saa na daftari? Nimewahi kujaribu, kwa hiyo nakujibu kwa uchungu. Samaki anakujua. Ukiingia chumbani na koti lako jeupe anakimbilia juu kuomba. Ukiinua mkono tu kuelekea kwenye chakula, ameshauona. Unadhani anafuata taa, kumbe anafuata kiwiko chako. Na raundi ya arobaini wewe mwenyewe ndiye usiye na umakini. Mashine haina kiwiko. Mlango ukifungwa, samaki yuko na taa zake, kila kitu kinaandikwa: alichagua wapi, baada ya muda gani, alichukua sekunde ngapi kufuata chakula. Kwa hilo naipa heshima yake yote, ni kazi safi.

Sasa tuje kwenye matatizo.

La kwanza ni mlishaji. Chakula cha zawadi ni artemia, vile viduvi vidogo vya maji ya chumvi. Unanunua mayai yake makavu kwenye kopo, unayatia kwenye maji yenye chumvi na hewa, kesho yake yameanguliwa. Mashine inavivuta kwa bomba la sindano linalosukumwa na mota na kudondosha tone moja moja. Kwenye video ya kampuni inapendeza. Hapa kwetu, mwezi wa tisa, hewa imekauka mpaka midomo inapasuka, ncha ya kimrija inakauka kati ya tone na tone. Chumvi inaganda. Ngoja nikuonyeshe, dogo, vuta karibu... unaona hiyo punje nyeupe? Ni kama chumvi kwenye mdomo wa chupa. Punje hiyo ikiziba, mota inasukuma, programu inaandika "zawadi imetolewa", na samaki hajapata kitu. Mara tano hivyo, anakata tamaa. Nani angeendelea kufanya kazi asiyolipwa? Sasa kila asubuhi nalowesha ncha kwenye maji ya moto na siki, na ninaangalia kwa macho yangu tone la kwanza likidondoka. Na ukiacha artemia watulie wanazama chini ya sindano, mwanzoni unatoa supu nzito, mwishoni maji matupu. Itikise.

La pili ndilo lililonifanya nirekodi video hii.

Samaki wetu tunawapa namba. Kuanzia wiki ya tatu, samaki wote niliowapima mchana, kuanzia kama saa nane, walianza kupitwa na taa. Wa asubuhi wazuri, wa mchana wamezubaa. Nikasema wamechoka. Nikabadilisha zamu, waliokuwa wa mchana nikawapeleka asubuhi. Wakawa hodari! Na wale hodari wa asubuhi wakawa wazembe. Siku mbili naumia kichwa. Siku ya tatu nikafungua picha za kamera moja kwa moja, nikaona samaki namba saba anakwenda kwenye taa sawasawa kabisa, na mashine inaandika imempita.

Jua. Dirisha letu linatazama magharibi. Kamera hii inamfuatilia samaki kwa mwanga usioonekana kwa macho, infraredi, ili taa za mchezo zisiichanganye. Lakini jua nalo limejaa infraredi. Kifuniko cha mashine kina upenyo upande wa nyuma ambako kebo zinapita, mwanga ukaingia, ukapiga usoni mwa maji, kamera ikapofuka. Mashine ikipofuka haisemi "sijaona". Inasema samaki hakujibu. Yaani upofu wake yeye ameuandika kwa jina la samaki! Bila kufungua picha ningeandika ripoti kwamba samaki wa Dodoma hupoteza umakini baada ya chakula cha mchana.

Dawa yake? Boksi la friji, kitambaa cheusi na gundi ya karatasi. Hiyo mnayoiona hapo nyuma si mapambo. Kampuni ingeweza kuweka alama moja tu kwenye faili, "samaki hakuonekana", tofauti na "samaki hakujibu". Kwa pesa wanayotaka, si jambo kubwa. Na bei hawaiweki hadharani, unaomba proforma, yaani karatasi ya makadirio ya bei, kwa hiyo jiandae kukaa chini ukiisoma.

Mengine nipite haraka. Vumbi: upepo wa hapa mnaujua, chujio la feni safisha kila wiki. Maji: birika langu Area C linajenga magamba meupe ndani, na maji hayo hayo yanaacha ukungu kwenye plastiki ya tanki, kamera inaona kovu badala ya samaki. Tumia maji yaliyochujwa na uyarudishie chumvi zake kwa kipimo, usijaze tu ya bombani. Umeme: ukikatika katikati ya kipindi, faili la kipindi hicho limekwenda, kwa sababu programu inahifadhi mwishoni. Weka betri ya akiba. Baridi: samaki hawa wanataka nyuzi 28 na nusu, na usiku wa mwezi wa saba Dodoma unashuka mpaka 13 au 14. Hita ikizimika, asubuhi wote ni wazito na mashine itakuambia hawana umakini. Wana baridi tu.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu usisome namba moja. Samaki akikosea taa mara nyingi lakini anajibu kila raundi, hapo unaweza kushuku umakini. Akiwahi sana huku majibu yake mengine ni sahihi, hapo shuku papara. Akipitwa sana, na hata zawadi anaiendea polepole, usimwandike chochote: angalia kimrija, joto, afya, au labda ameshiba. Na kumshindisha njaa ili acheze vizuri ni kosa mara mbili, unamtesa na unajidanganya, maana samaki mwenye njaa kali anawahi kwa sababu ya njaa.

Je, ninunue? Kama maabara yako ina mtu wa kuiangalia kila siku, na una subira ya wiki kadhaa za kumfundisha samaki kabla hujapata takwimu hata moja ya maana, ndiyo. Kama unatafuta kitu cha kuwasha na kuondoka, hapana, na usimsikilize muuzaji. Kwa ajili ya somo la vitendo tu, vijana wetu wa elektroniki wanaweza kuunda kinachofanana kwa kamera ndogo, taa tano na mota ya sindano. Mmoja ameshaanza, kinavuja, lakini anakwenda vizuri.

Haya, namba saba amesubiri muda wote huu. Tumpe raundi moja mwone. Nafunga mlango, tazameni skrini. Ameanzisha... anasubiri... tulia baba, tulia... Aa! Mmeona? Taa haijawaka, ameshafika. Na leo kimrija nimekisafisha mwenyewe.