Core i5-12400 au Ryzen 5 5600: Mwongozo wa Kununua Prosesa ya Kompyuta ya Mezani

Anayetafuta prosesa ya daraja la kati kwa kompyuta ya mezani hukutana mara kwa mara na majina mawili: Core i5-12400 ya Intel, iliyotoka Januari 2022, na Ryzen 5 5600 ya AMD, iliyoifuata Aprili mwaka huohuo. Zote mbili zimekwisha kupitwa na vizazi vipya, lakini bado zinamudu vizuri kazi za ofisi, masomo, gemu na uhariri wa video usio mzito. Katika mwongozo huu nimezipanga pamoja na ndugu zao watatu wa karibu, yaani 12400F, 5600X na 5600G, na mpangilio wangu umetegemea zaidi ubao mama (ubao mkuu ambamo vipande vyote huchomekwa) na kadi ya michoro (kifaa kinachotengeneza picha za skrini) alivyo navyo mnunuzi kuliko tofauti ya kasi, ambayo ni ndogo.

Kwa maelezo ya kiwandani, prosesa hizi mbili zinafanana kama mapacha: kila moja ina viini 6 (sehemu zinazofanya kazi za prosesa) na nyuzi 12 (mikondo ya kazi inayoshughulikiwa kwa pamoja), kila moja hufikia GHz 4.4 inapopandisha kasi, na kila moja imeandikiwa wati 65. Usawa huo wa GHz umewapotosha wengi. GHz huhesabu mizunguko inayofanyika kwa sekunde, wala haisemi ni kazi kiasi gani inayokamilika katika kila mzunguko. Viini vya 12400, vilivyojengwa kwa muundo wa Golden Cove, hukamilisha kazi nyingi zaidi kwa kila mzunguko kuliko vya Zen 3 vilivyomo ndani ya 5600, na ndiyo maana katika vipimo vinavyotumia kiini kimoja tu Intel hutangulia ingawa namba iliyoandikwa ni ileile. Mtumiaji huiona faida hiyo anapofungua programu au anapokokotoa jedwali kubwa, japo si kwa kiwango cha kumshangaza.

AMD hujibu kwa kache, yaani kumbukumbu ndogo yenye kasi iliyo ndani ya prosesa. Ryzen 5 5600 ina megabaiti 32 za kache ya ngazi ya tatu, ilhali 12400 ina 18. Gemu nyingi huirejea data ileile mara nyingi mno, na kila data inayopatikana karibu na viini huiokoa prosesa na safari ya kwenda kwenye RAM, kumbukumbu kuu ya kompyuta, ambayo kwa vipimo vya prosesa ni safari ndefu. Kwa sababu hiyo pengo lililoonekana katika kiini kimoja hupungua sana kwenye gemu, na mshindi hubadilika kutoka gemu moja hadi nyingine. Isitoshe, anayecheza kwa ubora wa 4K hawezi kuitambua tofauti yoyote, kwa kuwa hapo prosesa zote mbili hukaa zikiisubiri kadi ya michoro.

Wati nazo zinahitaji tahadhari. Zile 65 za Intel ni kiwango cha msingi tu, na kampuni yenyewe imetaja wati 117 kuwa upeo wa 12400; AMD nayo, kwa mipangilio ya kiwandani, huiruhusu 5600 ifike wati 76. Ubao mama unaoibana prosesa kwenye wati 65 huipunguzia kasi kidogo katika kazi ndefu za viini vyote, kwa hiyo matokeo yaliyopimwa kwenye ubao wa hali ya juu yasichukuliwe kuwa ahadi.

Nafasi ya kwanza, kwa anayeanza bila kifaa chochote, naipa Core i5-12400 kamili, isiyo na herufi F. Ndani yake mna michoro ya UHD 730, hivyo kompyuta huwaka na kuonyesha picha hata kabla kadi haijanunuliwa, na kadi ikiharibika kazi hazisimami. Michoro hiyo huja na Quick Sync, kitengo maalumu cha kusimba na kusimbua video, ambacho huwasaidia wahariri kuliko wanavyodhani. Aidha, soketi yake ya LGA1700, yaani sehemu ya ubao mama inayopokea prosesa, hupokea pia prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, ilimradi BIOS (programu ya ubao inayoiwasha kompyuta) iwe imesasishwa.

Ryzen 5 5600 ni ya pili, lakini hupanda hadi ya kwanza papo hapo kwa mtu mwenye ubao wa AM4 (soketi ya AMD inayoipokea 5600) na kadi ya michoro. Mtu huyo hubadilisha prosesa peke yake, na ubao na RAM vinabaki. Asasishe BIOS kabla ya kuing'oa prosesa ya zamani, hasa kwenye bao za B450 na X470, la sivyo atabaki na kompyuta isiyowaka. Prosesa hii pia inaruhusu kuongezwa kasi kupita ya kiwandani kwenye bao za B550, jambo ambalo Intel imelifunga kwa 12400.

Ya tatu ni 12400F, ambayo ni prosesa ileile bila michoro. Inafaa tu ikiwa kadi ipo na punguzo la bei linaonekana. Ya nne ni 5600X, yenye upeo wa GHz 4.6 badala ya 4.4, nyongeza ambayo sioni sababu ya kuilipia. Nimeiweka 5600G mwisho kwa sababu kache yake ni megabaiti 16 na njia zake za kuwasiliana na kadi ya michoro ni za PCIe 3.0, kiwango cha zamani, hata hivyo, kwa asiyekusudia kununua kadi kabisa, michoro yake ya Vega huishinda UHD 730 kwenye gemu nyepesi. Mnunuzi wa namna hiyo aweke vipande viwili vya RAM badala ya kimoja, kwa kuwa michoro ya ndani huitegemea RAM hiyohiyo.

Kwa prosesa iliyokwisha kutumika, ukaguzi hutofautiana. Pini za AM4 ziko kwenye prosesa yenyewe, kwa hiyo igeuzwe na kutazamwa kwa pembe safu baada ya safu. Za LGA1700 ziko ndani ya soketi ya ubao, na huko ndiko tochi inakopaswa kumulikwa. Anayeng'oa prosesa ya AM4 aiache kompyuta ifanye kazi dakika chache ili dawa ya kupitisha joto ilainike, aizime na kuchomoa waya wa umeme, kisha akizungushe kipozeo taratibu huku na huku kabla ya kukiinua, kwani kikivutwa kwa nguvu mara nyingi hutoka na prosesa ikiwa imenata chini yake.