Patani ya gauni niliyonunua onlaini: saizi 20 ilinipwaya, ya 16 ndo ikanikaa

Habari zenu wapendwa. Naandika hii kwa wale mnaojishonea nyumbani, haswa mlioanza kununua patani za kuprinti (vile vielelezo vya karatasi vya kukatia nguo), maana mwezi wa tatu nimepoteza yadi nne za kitenge kizuri sana na iliniuma kweli, na kosa lenyewe lilikuwa la kupima tu, futi na dakika kumi zingetosha.

Patani yenyewe ni gauni la shati. Lina kola, vifungo kutoka juu mpaka chini, dati ya kifua (ule mkunjo unaoshonwa ili kitambaa kifuate umbo la titi) inatokea pembeni, kiuno kimekatwa halafu skati ya A, mikono inaishia juu kidogo ya kiwiko. Nililipa dola 12, linakuja faili la kurasa 34 za A4 pamoja na kijitabu cha maelekezo. Maelekezo yake nayasifia, hatua ya kola imechorwa vizuri mpaka mtu ambaye hajawahi kushona kola anaweza, na kila kipande kina mshale wa kuonyesha uzi wa kitambaa uende upande gani na alama za kukutanishia. Hapo sina neno.

Sasa saizi. Mimi kifua ni inchi 42, kiuno 34, hipsi 44. Nikafungua jedwali lao, saizi 20 ni kifua 42, kiuno 34, hipsi 44. Yaani namba zangu tatu zote zimeandikwa pale kama vile walinipima mimi. Nilishangaa kidogo kwa sababu mtumba wa Kimarekani navaa 14 au 16, lakini nilishasoma kwamba saizi za patani haziendi na za dukani, hata zile kampuni za siku nyingi zinazouza patani kwenye bahasha kama Simplicity, McCall's, Butterick na Vogue jedwali lao ndo hilohilo, 14 yao ni kifua 36 kiuno 28. Maduka yamekuwa yakishusha namba miaka na miaka ili mteja ajisikie mwembamba, patani zenyewe zimebaki pale pale. Kwa hiyo namba isikutishe, nenda na inchi. Hilo nilikuwa nalijua na bado nikakosea, tatizo lilikuwa inchi gani.

Kabla sijafika huko niseme la kuprinti maana nalo lilinigharimu. Nilipeleka flashi steshenari, wakaprinti kurasa zote 34 kwa shilingi 200 kila moja, nikarudi nyumbani nikakaa chini na selotepu nikaunga karatasi zote jioni nzima, ndo nikakumbuka ule mraba wa kupimia ulioko ukurasa wa kwanza. Unatakiwa uwe sentimita 10 kwa 10. Nikaweka rula, 9.6. Printa ilikuwa imewekwa ibane ukurasa uenee kwenye karatasi. Utasema milimita nne ni nini, lakini piga hesabu, kwenye kifua cha inchi 42 unapoteza zaidi ya inchi moja na nusu, hiyo ni karibu saizi nzima. Nikarudi nikaprinti upya. Mwambie wa steshenari aweke asilimia 100, atoe ukurasa wa mraba peke yake, upime palepale dukani na rula yako mwenyewe, ukiwa sawa ndo atoe zilizobaki.

Basi nikakata saizi 20 moja kwa moja kwenye kitenge. Nikashona mpaka mwisho, ovaloki, kola, vifungo, kila kitu. Kuvaa, kifua kimeenea vizuri, kiuno sawa, hipsi sawa. Lakini mabega yamening'inia, mshono wa bega uko kwenye mkono, shingo imeachia mbele mpaka nikiinama unaona ndani, na kwapa limeshuka hivyo nikiinua mkono gauni zima linapanda juu. Nikaenda kwa mama mdogo, yeye ni fundi wa miaka mingi, ana cherehani lake barazani. Nikamsalimia shikamoo, hata marahaba hajamaliza ameshashika mshono wa bega kwa vidole viwili, "Mwanangu, hili bega la nani?"

Akachukua futi. Hakupima kifua nilipopima mimi. Aliipitisha juu, chini kabisa ya makwapa, juu ya matiti, mgongoni imelala sawa, akakaza kidogo. Inchi 36. Akashusha penye matiti yalipojaa, 42. Tofauti inchi 6. Mama mdogo hajui patani za kununua, yeye anapima mtu na kuchora kwenye kitambaa na chaki, ila akaniambia kitu ambacho baadae nilivyokwenda kusoma nikakuta ndo hichohicho, kwamba mifupa yako iko kwenye kile kipimo cha juu. Bega, shingo, kwapa, upana wa mgongo, vyote vinafuata kifua cha juu. Titi ni nyama ya mbele tu, haliongezi bega.

Na hapa ndo kiini cha jambo lenyewe. Patani nyingi za kununua zinachorwa kwa mwanamke ambaye tofauti yake kati ya kifua cha juu na kifua kamili ni inchi 2, yaani sidiria kikombe B. Kama wewe ni wa inchi 2, chagua kwa kifua chako kama kilivyo, gauni litakukaa. Mimi ni wa inchi 6. Nilipochagua 42 patani ikadhani mimi ni mtu mwenye kifua cha juu cha 40, ikanipa mabega na mgongo wa huyo mtu. Kwa hiyo nachukua kifua cha juu 36 naongeza 2 napata 38, na 38 kwenye jedwali ni saizi 16. Saizi mbili chini! Mwanzoni sikuamini, niliona kabisa halitafunga vifungo, na kweli halifungi kama lilivyo, lazima uongeze kifua peke yake kwenye kipande cha mbele.

Kuongeza kwenyewe kusikuogopeshe. Nilinakili kipande cha mbele kwenye karatasi ya kaki, nikajipimia ncha ya titi iko wapi nikaiweka alama. Nikachora mstari kutoka chini kiunoni unapanda wima mpaka kwenye ncha, pale unakata kona kwenda kwapani. Mstari wa pili unapita katikati ya dati ya pembeni mpaka kwenye ncha. Unakata kwa mkasi, ila kwapani unabakiza kidogo kama milimita mbili isikatike iwe kama bawaba. Halafu unavuta ule upande wa pembeni unafunguka. Mimi napungukiwa inchi 4 kifua kizima, kutoka 38 mpaka 42, kipande cha mbele ni nusu kwa hiyo nafungua inchi 2, unapima pale kwenye ncha, mistari ya wima inabaki sambamba. Dati ya pembeni nayo inafunguka yenyewe inakuwa kubwa, na ule upande wa ndani, wa vifungo, unakuwa umebaki mfupi, unaukata kwa mlalo unaushusha uwe sawa na mwenzake. Unabandika kaki chini ya mapengo unapiga selotepu. Bega halijaguswa, shingo haijaguswa, kwapa urefu wake ni uleule. Kwa sababu dati ilikuwa nene mno ikawa inatoa ncha kama chuchu ya pili, nikaigawa dati mbili ndogo zinazofuatana, ikatulia.

Halafu angalia kilichotokea kiunoni. Saizi 16 kiuno chake 30. Kufungua kule kumeongeza inchi 4 mpaka chini, kiuno kimekuwa 34, ambacho ndo kiuno changu. Sikugusa tena, ila ukumbuke nyongeza yote iko mbele. Kama wewe kiuno ni chembamba, ile ziada utaitoa kwa dati ya kiunoni. Hipsi ndo nikachora kutoka 16 pale kiunoni naenda nafungua taratibu mpaka mstari wa 20 kwenye hipsi, kwa rula ya kupinda. Patani za saizi nyingi kwenye karatasi moja zimewekewa mistari yote ili ufanye hivyo, hakuna aliyesema lazima uwe saizi moja mwili mzima.

Kuna watu wataniuliza mbona wanawake wengi wa kwetu hipsi hazilingani na jedwali. Majedwali haya yana historia yake jamani. Marekani miaka ya 1939 na 1940 walipima wanawake karibu 15,000, na hesabu iliyotumika ilikuwa ya wanawake weupe tu, vipimo hivyo ndo vikazaa saizi rasmi za serikali yao mwaka 1958, zikafutwa 1983. Tangu hapo kila kampuni ina jedwali lake. Kwa hiyo likikukataa hipsi usiuchukie mwili wako, chora mstari wako.

Kitu kingine nilichokuwa sikijui ni vipimo vya gauni lililokwisha kushonwa. Jedwali la kwanza ni la mwili wako, la pili ni la gauni. Patani hii imeliweka la pili ukurasa wa 9 mwishoni kabisa, na hilo ndo lalamiko langu kubwa kwao, lilitakiwa likae pamoja na la kwanza. Saizi 16 kifua cha gauni ni 41 na nusu kwa mwili wa 38, maana yake wameachia inchi 3 na nusu. Mafundi wetu wakisema "nimekuachia inchi mbili" ndo hiyohiyo. Kitenge hakivutiki hata kidogo, ukiachia chini ya inchi 2 kifuani vifungo vitavutana na utakaa kwa shida. Mimi 3 na nusu naipenda kwa gauni la shati, kwa gauni la kubana ni nyingi. Pima pia gauni lako la zamani unalolipenda, lilaze mezani, linganisha na hiyo namba, utajua unachotaka bila kukisia.

Mikono sasa. Kwenye jedwali hawajaandika kipimo cha mkono wa juu kabisa, na mimi mkono wangu ni inchi 15. Ilibidi nipime karatasi yenyewe, nikatoa nafasi ya mshono ambayo kwenye hii ni sentimita 1.5 kila upande (patani zingine haziweki kabisa, magazeti ya patani ya Burda kwa mfano unaongeza mwenyewe), nikakuta mkono wa saizi 16 umebaki 14 na nusu. Nisingeuingiza. Nikakata kipande katikati nikafungua inchi 2. Wanene wa mikono wenzangu pimeni hapa kabla ya kukata, mimi magauni mangapi nimeyaacha kwa sababu ya mkono tu.

Na mimi ni mfupi, futi 5 na inchi 2, patani imechorwa kwa mtu wa futi 5 na inchi 6. Nikapunguza inchi 1 mgongoni na mbele juu ya kiuno, kuna mstari wamekuwekea wa kufupisha, unakunja tu pale. Nilijuaje ni inchi 1? Kwenye gauni la kwanza kulikuwa na mkunjo umelala mgongoni juu ya kiuno, nikaubana na pini, ukala inchi 1.

Mara hii sikukata kitenge. Nilinunua kitambaa cha marekani cha kujaribia, ile pamba isiyopaushwa, ile ambayo jina lake limetokana na majora yaliyokuwa yakishushwa Zanzibar na meli za Marekani karne ya 19. Nikakata gauni bila kola, nikapiga bandi tu kwa mkono, nikavaa na sidiria ileile nitakayovaa na gauni. Bega likakaa kwenye mfupa. Kulikuwa na mikunjo miwili midogo inaelekea kwenye titi, mikunjo ikielekea mahali ujue pale panaomba nafasi, nikafungua robo inchi zaidi. Nikakaa, nikainua mikono, nikainama kama nachota maji. Nikafumua, nikanakili kwenye kaki, ndo nikaenda Kariakoo kununua kitenge kingine, nikakiloweka, nikakianika, nikapiga pasi, nikakata.

Nililivaa kwenye kitchen party ya binamu yangu. Nimecheza, nimeinua mikono, gauni limebaki palepale, shingo haijaachia, na dada mmoja akaniuliza fundi wangu yuko mtaa gani.

Patani naipa 4 kati ya 5. Moja nimeitoa kwa sababu ya lile jedwali lililofichwa ukurasa wa 9, na kwa kutoandika kipimo cha mkono, na kwa bei ya dola 12 wangeweza kuchora mbele ya vikombe tofauti kama wengine wanavyofanya. Lakini nitaitumia tena, na mama mdogo ameshaniomba nimkatie na yeye. Nimempima jana, kifua cha juu 39, kifua kamili 41. Tofauti yake ni 2, kwa hiyo yeye naenda na 41 yake, inaangukia katikati ya 18 na 20. Gauni la saizi 18 kifua ni 43 na nusu, atabakiwa na inchi 2 na nusu, na yeye hapendi nguo inayopwaya. Nakata 18, naanza na marekani.