Uzoefu wangu na pasi ya Interrail: miji ya Ulaya mchana na usiku kwa mfuko wa mwanafunzi

Nasoma shahada ya uzamili Dresden, mashariki mwa Ujerumani, na wenzangu wa Afrika Mashariki waliotawanyika kwenye vyuo vya huku huniuliza sana kama pasi ya Interrail, yaani tiketi moja ya kupanda treni katika nchi nyingi za Ulaya, inalipa. Inalipa, ila faida yake kubwa iko usiku. Ukiitumia kuhama mji mmoja hadi mwingine mchana, kisha saa mbili usiku umeshajifunika blanketi hosteli, basi la bei nafuu lingekutosha kabisa. Ukiitumia kupanda treni ya alfajiri, treni ya mwisho na ile ya kulala humohumo, utauona kila mji kwa sura mbili. Mimi nilisafiri hivyo Septemba, kabla muhula wa baridi haujaanza, na ndivyo nitakavyosafiri tena.

Nianze na pesa. Mwanafunzi wa nje aliyeko Ujerumani anaijua vizuri namba 992. Ndizo euro anazoruhusiwa kutoa kila mwezi kwenye ile akaunti iliyofungwa, yaani akaunti ya benki anakoweka pesa zake za kujikimu, na humo kuna kodi ya chumba, bima ya afya, chakula na kila kitu. Kwa hiyo pasi ya siku 7 za safari ndani ya mwezi mmoja, ambayo niliipata kwa chini kidogo ya euro 290 daraja la pili, ni uamuzi wa kukaa chini na kufikiria. Hiyo ni bei ya kijana, yaani asiyezidi miaka 27, na imepunguzwa robo ukilinganisha na ya mtu mzima. Wengi wetu tunaokuja kwa uzamili tumeshafanya kazi miaka kadhaa nyumbani, kwa hiyo angalia tarehe yako ya kuzaliwa kabla ya kupanga lolote. Kinachohesabiwa ni umri wako siku ya kwanza pasi inapoanza kutumika. Interrail ilipoanza mwaka 1972 ilikuwa ya vijana wasiozidi miaka 21, katika nchi 21. Leo inafika nchi 33 na mtu wa umri wowote anaweza kununua.

Je, Mtanzania au Mkenya anaruhusiwa? Ndiyo, kama unaishi Ulaya kihalali. Kigezo ni mahali unapoishi, uraia hauna neno. Kuna sharti moja linalowashtua wengi: ndani ya nchi unayoishi, pasi inakupa safari moja ya kutoka na moja ya kurudi, basi. Usiinunue ukitarajia kuzunguka Ujerumani nayo. Kwa hilo tuna tiketi zetu za muhula, zile za usafiri wa wanafunzi.

Pasi yenyewe hukai nayo mkononi. Iko ndani ya programu ya simu iitwayo Rail Planner. Unachagua treni, unaiingiza kwenye safari yako, unawasha siku ya safari, na programu inakupa msimbo wa QR ambao kondakta anausoma kwa mashine yake. Siku moja ya safari huanza saa sita kamili usiku na kuisha saa sita usiku inayofuata, na humo katikati unaweza kupanda treni nyingi unavyotaka. Treni ya usiku hula siku moja tu, ile ya kuondoka, mradi usibadilishe treni baada ya saa sita usiku. Kanuni hii ndiyo utamu wote wa pasi, nitaeleza mbele. Simu ikizima chaji, huna tiketi, kwa hiyo betri ya akiba ni ya lazima kama pasipoti.

Kutoka Dresden kwenda Prague kaa upande wa kushoto wa behewa. Reli inafuata mto Elbe kwa muda mrefu, na miamba ya mchanga inasimama juu ya maji hadi mpakani. Ni mwendo wa saa mbili na ushee, na huhitaji kuweka nafasi ya kiti.

Prague mchana niliipenda kwa kiasi. Daraja la Charles, lililoanza kujengwa mwaka 1357, lina sanamu 30 za mawe, lakini mchana unaona zaidi migongo ya watu. Nilirudi pale baada ya saa saba usiku. Sanamu zilikuwa nyeusi, taa za gesi zenye mwanga wa rangi ya machungwa zikiangaza nyuso zao nusu, na chini yake nikasikia mto Vltava ukimwagika kwenye kizuizi cha maji. Mchana nilipita palepale wala sikujua kama mto ule una sauti, kwa sababu wapiga muziki na umati walikuwa wameifunika. Kurudi hosteli si tatizo: tramu za usiku, zile zenye namba za 90 na kitu, hukutana kituo cha Lazarská, unashuka moja unapanda nyingine. Nilikuwa peke yangu, mwanamke, na kanuni yangu ilikuwa kubaki kwenye mitaa inayopitiwa na tramu. Sikusumbuliwa na mtu.

Vienna ina usiku wa aina nyingine kabisa. Aprili, Mei, Juni na Septemba, onyesho linalochezwa ndani ya jumba la opera la taifa hurushwa moja kwa moja kwenye skrini kubwa ukutani, na viti vimepangwa nje uwanjani. Hulipi hata senti. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja wa Kiviyena aliyekuja na mto wake wa kukalia na blanketi, na alipoona nimekunja mikono kwa baridi akanitupia upande mmoja wa blanketi bila kuuliza jina langu. Tulikaa hivyo mpaka pazia likashuka. Sijawahi kuelewa opera, na Kijerumani changu hakikufua dafu mbele ya uimbaji ule, lakini sauti ya yule mwanamama jukwaani ilinifikia mahali ambapo maneno hayahitajiki. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi treni za chini ya ardhi hazilali, kwa hiyo huna haja ya kuondoka kabla onyesho halijaisha.

Mchana Vienna, nenda Brunnenmarkt. Ni soko refu la mtaani wilaya ya 16, lenye wauzaji wengi wa Kituruki, na chakula cha halali kipo tele kwa bei ya mwanafunzi. Usinunue maji. Ya bomba yanaletwa kutoka chemchemi za milimani, na bomba la kwanza lilifunguliwa mwaka 1873. Jaza chupa yako kwenye vibomba vya mitaani.

Budapest ndiyo iliyonikamata. Bunge lao limekaa ukingoni mwa Danube, na tramu namba 2 inapita mbele yake kwa nauli ya kawaida ya mjini. Nilipanda jioni jua likizama, nikapanda tena taa zilipowashwa, na kila safari nilikuwa nimegandamiza paji la uso kwenye kioo. Tramu hiyo ikilala, namba 6 inafanya kazi usiku kucha, inavuka mto kwenye daraja la Margaret, na ukishuka katikati ya daraja unaona Bunge lote linaelea kwenye maji.

Kwa mtu wa Pwani, kuna jambo jingine ambalo vitabu vya watalii hulipitia haraka. Budapest ilikaa chini ya Waturuki wa Uthmaniya kwa karibu karne moja na nusu, na alama zao zipo. Juu ya kilima cha Rózsadomb kuna kaburi la Gül Baba, dervishi aliyefariki mwaka 1541, lenye bustani ya mawaridi inayotazama mji. Nilimsomea Fatiha nikiwa peke yangu, mbali sana na Tanga. Na kuna bafu za Rudas, zilizojengwa enzi zile karne ya 16. Nilikwenda Jumanne, siku ambayo upande wa zamani ulikuwa wa wanawake watupu. Bwawa lina pembe nane, nguzo nane zimebeba kuba, na kuba limetobolewa vitundu vyenye vioo vya rangi. Jua likipenya, miale ya mwanga mwekundu, kijani na bluu inashuka ndani ya mvuke na kutembea polepole juu ya maji. Akina mama wa Kihungaria walikuwa wamekaa kimya, maji shingoni, kama watu waliomaliza kazi zao zote. Mwishoni mwa juma bafu hufunguliwa hadi usiku wa manane kwa wanaopenda. Kama una pesa ya jambo moja tu la kulipia katika safari hii nzima, lipia hili.

Sasa ile kanuni ya treni ya usiku. Niliondoka Budapest stesheni ya Keleti alasiri, nikafika Vienna jioni, nikala, na baada ya saa tatu usiku nikapanda Nightjet, treni ya kulala ya shirika la reli la Austria, kuelekea Venice. Siku moja ya pasi ikanitoa Hungaria hadi Italia. Lakini fahamu kwamba pasi hailipii kitanda. Kitanda cha chumba cha watu sita kilinigharimu zaidi ya euro 40 juu yake, na bei hupanda kadiri siku inavyokaribia, hivyo kiweke mapema. Kuna vyumba vya wanawake tu. Unachagua wakati wa kuweka nafasi, na nashukuru kwamba nilichagua. Kitanda cha juu kabisa kina ngazi ya chuma na nafasi ndogo kati yako na dari, huwezi kukaa wima. Unapewa shuka, mto, blanketi na chupa ya maji. Alfajiri niliswali nimeketi kwenye kona ya kitanda, nikakisia kibla kwa dira ya simu huku treni ikipinda, na muda si mrefu mhudumu akagonga mlango na mikate miwili, siagi, jamu na kahawa ya moto. Kisha reli ikaingia baharini. Daraja la reli la Venice, la mwaka 1846, lina karibu kilomita 4, na kwa dakika kadhaa maji yako pande zote mbili.

Venice mchana imejaa, na kila kitu ni ghali: tiketi ya boti ya abiria ni euro 9.50 kwa dakika 75. Tembea kwa miguu. Aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe Unguja hatasumbuka, atapotea kwa raha na atatokea mahali. Kwenye siku zinazotangazwa kati ya Aprili na Julai, anayekuja na kuondoka siku hiyohiyo hulipa ada ya kuingia mjini, lakini ada hiyo hudaiwa kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 10 jioni tu. Jioni wageni wa siku wakishaondoka, wanabaki wenyeji wasiofika 50,000 katika mji wote wa kale, na unawasikia wakisalimiana kutoka dirishani. Lala Mestre, ng'ambo ya daraja, ambako hosteli ni nafuu. Treni ya dakika kumi ni chini ya euro 2, kwa hiyo usichome siku ya pasi kwa safari hiyo.

Kurudi nilitumia treni za mkoa kupitia Verona, Bolzano na Brenner hadi Innsbruck. Treni hizo za Italia hazidai ada ya kiti, tofauti na zile za kasi ambazo lazima ulipie nafasi hata ukiwa na pasi. Ufaransa ni hivyohivyo na TGV, treni zao za kasi. Treni moja njiani ilichelewa, nikakosa ya kuunganisha, nikapanda inayofuata bila kulipa chochote. Mwenye tiketi ya bei ya chini iliyofungwa kwenye treni moja angeanza kubishana kaunta.

Jambo la nyaraka nalisema kwa uzito. Kwenye mpaka mmoja polisi waliingia kwenye behewa lililojaa na nyaraka zilizoombwa zilikuwa zangu peke yangu. Inaumiza, na haikubaliki. Nilikuwa na pasipoti halisi na kadi ya ukaazi, wakatazama, wakaondoka. Picha kwenye simu haitoshi. Kadi ya nchi ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inakuruhusu kukaa nchi nyingine za Schengen siku 90 ndani ya siku 180, ila kama kadi yako iko kwenye kuhuishwa, uliza ofisi ya wageni kama karatasi ya muda uliyopewa inaruhusu kuvuka mpaka, maana si kila aina inaruhusu. Na pasi inafanya kazi Uingereza, lakini sisi tunahitaji viza ya kule.

Nani asiinunue? Mwenye mpango wa miji miwili na tarehe anazozijua. Kila siku ya pasi yangu ilisimama kwa karibu euro 41, na tiketi ya Prague hadi Vienna ukiikata wiki kadhaa kabla huwa chini ya nusu ya hapo. Vivyo hivyo Vienna na Bratislava, saa moja tu ya treni. Kata tiketi ya kawaida na utunze siku yako kwa mwendo mrefu.

Dada yangu anapanga kunitembelea kutoka Tanga, na yeye hataweza kununua Interrail kwa kuwa haishi Ulaya. Ya kwake inaitwa Eurail, inatumia programu ileile na inapita reli zilezile, na kwa kuwa Ujerumani si nchi anayoishi, ataizunguka bila lile sharti la safari moja ya kutoka na moja ya kurudi. Viza ya Schengen ikitoka, nimeshamwambia aje Septemba.