Siku nne juu ya farasi Kilimanjaro Magharibi: uzoefu wangu

Mimi ni mkazi wa Kimara, na mpaka mwaka huu nilikuwa sijawahi hata kumgusa farasi. Kampuni niliyokwenda nayo, iliyotangaza safari ya farasi yenye kazi za uhifadhi wa wanyamapori, haipokei mtu asiyejua kukaa kwenye tandiko, kwa hiyo nilichukua masomo sita hapa hapa Dar, kila Jumamosi asubuhi, mpaka mapaja yakazoea. Jina la kampuni silitaji kwa sababu nina malalamiko ambayo nimeshawaandikia na bado nasubiri jibu.

Safari ya kufika ni ndefu. Basi kutoka Stendi ya Magufuli hadi Bomang'ombe, kisha gari lao kupitia Sanya Juu.

Asubuhi ya kwanza tuliingia katikati ya pundamilia na nyumbu, na hawakukimbia. Walinyanyua vichwa, wakatutazama, wakarudi kwenye majani yao. Ukiwa juu ya farasi, wanyama hawakuoni kama mtu anayewaendea kwa miguu. Pofu dume, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, ambaye kwa gari nimezoea kumwona akitokomea tu, alipita karibu nasi kiasi cha kusikia miguu yake ya mbele ikilia kta, kta kila anapopiga hatua. Sauti ile sitaisahau.

Farasi wangu, jike mwekundu waliyemwita Zabibu, alinifundisha kutazama masikio. Mara yote mawili yakasimama kuelekea kichakani. Mzee aliyetuongoza akainua mkono, tukanyamaza, akatikisa kifuko cha majivu kupima upepo. Tembo. Huku ndiko kwenye ushoroba wa Kitendeni, wanakopita kati ya msitu wa Kilimanjaro na Amboseli, Kenya. Upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwetu, tukawazunguka kwa mbali tukiwaachia njia.

Kazi ya uhifadhi yenyewe ilikuwa siku ya tatu. Tulitoka na askari wawili wa wanyamapori wa vijiji kutafuta mitego ya nyaya. Mmoja alinionyesha mgunga mdogo ambao gome lake lilikuwa limechubuka duara zima: mnyama alishanaswa pale, akauzunguka mti akijitahidi kujinasua. Waya bado ulikuwepo. Kitanzi kilining'inia usawa wa shingo ya swala, kimeshika kutu, na majani yameuficha kabisa. Kwa gari tusingefika pale, na kwa miguu ningeupita bila kuuona.

"Dada, shuka uutoe mwenyewe," akaniambia.

Alinipa koleo. Ndani ya fundo kulikuwa na manyoya machache ya kahawia, makavu. Nililia, na sioni aibu kusema hivyo. Jioni ile tulikuwa na mitego 11 kwenye gunia.

Nusu siku nyingine tulipiga picha twiga. Mabaka ya twiga mmoja hayafanani na ya mwingine, na hayabadilishi mpangilio maisha yake yote, hivyo picha ya ubavu inatosha kumtambua miaka ijayo. Unampiga ubavu wa kulia, unaandika saa na mahali.

Sasa malalamiko. Tangazo liliahidi siku nne za uhifadhi. Nimepata moja na nusu; zilizobaki ni kupanda farasi na kula vizuri. Picha za twiga zilibaki kwenye simu ya mwongozaji, na nilipouliza zinapelekwa kwa nani sikupata jibu. Kwangu hili ni zito kuliko bei, ingawa na bei yenyewe inatajwa kwa dola hata kwa Mtanzania, na punguzo la mkazi nililipata baada ya kuandika barua pepe nne.

Nilimwuliza saisi, yaani mtunza farasi wao, kwa nini huduma hii isiwe karibu na sisi wa Dar, kwenye hifadhi za Saadani au Nyerere. Alinijibu kwa neno moja: mbung'o. Wanaeneza ugonjwa wa nagana, na farasi akiipata ni vigumu kupona. Saisi huyu alikuwa anakagua kila kwato kabla ya sisi kunywa chai, na hakuna mnyama aliyetoka akichechemea.

Ukitaka kwenda, kabla ya kulipa uliza mtatoka siku ngapi na askari wa vijiji, na picha zinapokelewa na nani. Omba majibu kwa maandishi. Mimi ningelipa tena bei ile ile kama zingekuwa siku tatu na askari wale.