Unga wa rizobia kwa malisho ya Dodoma: ununue kwa mbegu gani, uuache wapi

Pakiti ni ya gramu 100. Ndani yake kuna unga mweusi wenye unyevu kidogo, ukiufinya unashikana. Huo weusi ni mboji iliyosagwa, kazi yake kubeba tu. Unacholipia ni bakteria waitwao rizobia, ambao pakiti nzuri hutoka kiwandani ikiwa nao hai kwa mamia ya mamilioni katika kila gramu. Huingia kwenye mizizi ya mimea jamii ya mikunde, hutengeneza vinundu, na humo huigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Kwa mfugaji wa Dodoma anayetaka kuboresha malisho, unga huu unalipa kwa mbegu chache na kwa masharti. Ukiumwaga kwenye mbuga ya nyasi za asili, umetupa hela.

Kwanza soma jina la zao, usiangalie picha. Rizobia hawakubaliani na kila mmea. Unga wa rizobia wa soya hausaidii lukina, ule mti wa malisho, hata kidogo, maana lukina huchagua sana na hutaka bakteria wake mahususi. Kunde, fiwi na siratro (mkunde wa malisho unaotambaa) hazina makuu: hupokea bakteria wa asili waliomo kwenye udongo wetu, kwa hiyo pakiti huongeza kidogo au haiongezi kitu. Kwa hiyo nunua kwa ajili ya soya, au kwa lukina inayopandwa mahali ambapo haijawahi kuota, na pakiti iwe imeandikwa jina la mmea huo. Ukikosa ya lukina, udongo mbichi wa chini ya mlukina wenye vinundu vizuri unaweza kuchanganywa na udongo wa kitalu. Uchukue tu penye miti yenye afya, kwani magonjwa nayo husafiri na udongo.

Kasoro kubwa ya bidhaa hii ni kwamba inakufa kimyakimya. Pakiti iliyokaa miezi chini ya bati, karibu na dirisha, inafanana kabisa na iliyo hai. Muulize muuzaji anaihifadhi wapi kabla ya kuuliza bei. Tarehe ya mwisho ikiwa imepita, au unga umekauka hadi unatimka vumbi, mrudishie. Nyumbani, iweke penye kivuli na ubaridi. Pembeni ya mtungi wa maji panafaa, ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Usiigandishe. Usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani, hata kwa saa moja.

Kuipaka si kazi ngumu, ila mpangilio usivurugwe. Mbegu za lukina zina ganda gumu, hivyo hutangulia kulowekwa kwenye maji ya nyuzi 80 kwa dakika tatu hadi tano, kisha hupozwa na kuchujwa maji. Ukipaka rizobia kwanza ukaleta maji ya moto baadaye, umewapika. Yeyusha vijiko viwili au vitatu vya sukari, au gundi ya mgunga iliyosagwa, kwenye mililita 300 za maji vuguvugu. Maji ya bomba yaache wazi usiku kucha klorini itoke. Weka mbegu kwenye beseni, kivulini, nyunyiza maji ya gundi kidogokidogo mpaka zing'ae bila kuelea, ndipo umwage unga na kugeuza kwa mikono hadi kila punje iwe nyeusi. Kwa soya, gramu 100 hutosha kilo 10 hadi 15, kutegemea maelekezo ya pakiti. Usitumie mbegu zilizokwishapakwa dawa ya kuua kuvu, zile za rangi nyekundu, wala mbegu yenye rizobia usiichanganye na mbolea ya chumvichumvi kwenye shimo moja.

Panda siku hiyohiyo, kwenye udongo uliolowa, na ufukie mara moja. Hapa ndipo Dodoma inapoishinda pakiti. Wanaoberega, yaani wanaosafisha shamba bila kulilima, na kupanda kwenye vumbi wakisubiri mvua ya Desemba hufanya jambo la busara kwa uwele na mtama, lakini mbegu yenye rizobia ikikaa wiki mbili kwenye udongo wa moto hubaki na mboji tupu.

Wiki ya sita chimba mche kwa jembe, usiung'oe. Pasua kinundu kwa ukucha: ndani pakiwa pekundu kama nyama mbichi, kinafanya kazi. Peupe au pa kijani, hakifanyi. Vinundu vikiwa vichache na vidogo, mara nyingi udongo una njaa ya fosforasi, na pakiti ya pili haitatibu hilo.

Sasa mbuga. Ng'oa shina la nyasi ya asili, tuseme Cenchrus ciliaris wa Kongwa, taratibu baada ya mvua. Mizizi hutoka imevaa mchanga kama soksi, na ukitikisa haidondoki. Mchanga umeshikwa na ute wa mzizi na wa bakteria, na umefumwa na nyuzi za kuvu wa maikoriza, ambao huchota fosforasi mahali mzizi usipofika na kulipwa sukari na mmea. Gramu moja ya udongo huo ina bakteria wanaofikia mabilioni, wa maelfu ya aina. Baadhi yao hunasa naitrojeni bila kinundu chochote. Wamezoea miezi saba ya ukame. Mvua ya kwanza ikigusa udongo mkavu, huamka kwa pamoja na kuachia naitrojeni ambayo nyasi huiwahi. H. F. Birch, mtafiti wa udongo aliyekuwa Muguga, Kenya, aliieleza hali hiyo mwaka 1958, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Wageni wa pakiti, au wa zile chupa za maji ya vijidudu, wakimwagwa humo wanakuta nyumba imejaa. Chupa hizo zipeleke kwenye lundo la mboji.

Mbuga iliyochoka inakosa mizizi ya kuwalisha wenyeji waliobaki. Kondoa walipoondolewa mifugo kwenye eneo lililomomonyoka, mwaka 1979, nyasi na vichaka vilirudi bila pakiti ya mtu. Kipimo cha udongo uliochoka ni glasi mbili za maji: tumbukiza bonge kavu la udongo kutoka ndani ya ngitili, yaani malisho yaliyofungwa mifugo isiingie, na jingine kutoka njia ya ng'ombe. La kwanza hukaa. La pili humeguka na kuwa tope ndani ya dakika chache. Penye tope, zungushia miiba, chimba vishimo vifupi kukinga mteremko, weka samadi konzi moja kila kishimo, kisha nyunyiza mbegu za nyasi za hapohapo na usiingize mifugo hadi zitoe mbegu zake.