Nyota tatu kwa shule yangu ya urubani pale Wilson

Jina la shule sitaliandika, maana bado wana salio langu na mazungumzo yanaendelea. Ila anayetaka leseni ya rubani wa kibiashara katika uwanja wa Wilson, Nairobi, asome hapa kabla hajatoa pesa mfukoni.

Nianze na walimu, maana kwao sina neno. Mimi ni mtu wa Likoni, nimezoea hewa ya baharini. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jua likishachoma, Cessna 172, ndege ndogo ya kujifunzia, yenye watu wazima wawili hupanda kwa kujikokota. Mwalimu wangu wa kwanza hakutaka niyajue hayo kwa kusoma tu. Kabla hatujaruka alinifanya nivute polepole kile kitufe chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa, kupunguza mafuta yalingane na hewa hiyo nyepesi, huku nikisikiliza. Mzunguko wa injini unapanda, halafu inaanza kutetema, unarudisha kidogo, mlio unatulia. "Umesikia? Nguvu iko hapo." Nyota zote tatu ni zake, kusema kweli.

Balaa ni mita. Unalipia saa zinazosomwa kwenye Hobbs, mita ya saa iliyo ndani ya ndege, nayo huanza kuhesabu injini ikiwaka, hata kama magurudumu hayajasogea. Asubuhi, hewa ikiwa imetulia na wewe unataka kufanya mazoezi ya kutua, ndipo ndege za Caravan zilizojaa watalii zinapokimbilia Mara na Amboseli. Mnara unakwambia subiri. Unasubiri. Propela inazunguka na pesa zinakwenda kama uko kwenye teksi iliyokwama Mombasa Road. Ukiamua kuja mchana foleni imepungua, lakini joto na upepo vinakurusharusha hata hujui kama umetua vibaya kwa kosa lako au la hali ya hewa.

Na bei ni ya dola. Mwanzoni mwa 2024, dola ilipopita shilingi 160, ada yangu ilipanda bila shule kubadilisha tarakimu hata moja. Shangazi, aliyekuwa akinichangia kutoka kwenye chama chao, aliniuliza, "Mwanangu, hizo saa mnaruka au mnazila?" Nilikosa la kumjibu.

Halafu walimu hawakai. Wengi ni vijana wanaokusanya saa ili waajiriwe na mashirika ya ndege, na simu ikilia wanaondoka. Yule wangu aliondoka. Aliyekuja baada yake alitaka kwanza anione nikifanya upya yote, kuanzia kukata kona kali hadi kuitoa ndege kwenye stoli, yaani pale mabawa yanaposhindwa kuibeba. Ana haki, leseni yake ndiyo iko hatarini. Lakini kwa nini marudio hayo nilipie mimi? Ofisi ilinijibu kwamba ndiyo taratibu.

Ongeza na ndege kuingia hanga. Kila saa 100 za kuruka lazima ikaguliwe, na shule yenye ndege chache hubaki na wanafunzi wamekaa bandani wakinywa chai. Ukikaa wiki bila kuruka, mkono unasahau, na somo linalofuata unalitumia kukumbuka la nyuma.

Madarasa ya nadharia ni ya kawaida: nakala za fotokopi na kiti kigumu.

Kilichonifurahisha mno ni ile safari ndefu ya peke yako, ambayo kwa viwango vya kimataifa haipungui kilomita 540 na lazima utue na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Mimi nilikwenda Kisumu, kisha Eldoret, nikarudi Wilson. Shule iliipanga vizuri, na mwalimu alikataa kuniruhusu siku mawingu yalipoukalia mwinuko wa Mau ulio njiani, ingawa ndege ilikuwa tayari na wao wangepata pesa zao. Hapo niliwaheshimu.

Ukienda, uliza watakurudishia nini ukiacha njiani, na jibu liwe kwenye karatasi. Punguzo la kulipa yote kwa mkupuo likatae. Lipia saa chache chache. Na cheti cha afya cha daraja la kwanza kichukue kabla ya ada. Mwenzangu darasani alikwisha kulipa ndipo akaambiwa na daktari kwamba macho yake hayatofautishi rangi vizuri.