Hipnosisi au meditesheni kwa woga wa kung'oa jino?

Mi nikisikia tu ile mashine ya daktari wa meno inalia, mikono inaloa jasho, juzi hapa Moshi nimeng'ang'ania kiti mpaka vidole vikauma, ndo nikaanza kulinganisha hizi mbili. Hipnosisi wengi wanadhani ni kulala au kuchezewa akili kama uchawi, hapana jamani, unakuwa macho kabisa ila akili yako yote imetulia sehemu moja na maneno ya anayekuongoza yanaingia kirahisi, hata James Braid, daktari mpasuaji wa Uskoti aliyelieneza hilo jina miaka ya 1840 baadaye alitaka libadilishwe maana limetokana na neno la Kigiriki la usingizi. Kwa maumivu inasaidia kweli, chama cha madaktari Uingereza kiliikubali 1955. Shida watu hatufanani, kuna anayezama fasta na kuna asiyezama kabisa, halafu lazima upate mtaalamu wa kweli.

Meditesheni unafanya mwenyewe hata kwenye daladala ya Marangu, unafuata pumzi, woga ukija unauangalia tu bila kuufukuza. Ila inataka mazoezi wiki kadhaa. Kwa jino la kesho mi nachagua hipnosisi, na sindano ya ganzi iwepo palepale.